Petroli na Dizeli: Kuchagua Injini kwa Kufuata Kazi Itakayofanya

Mtu anayetafuta Toyota HiAce iliyotumika kutoka Japani hukutana mapema na magari mawili yanayofanana kwa bodi, kwa viti na hata kwa mwaka wa kutengenezwa, lakini bei zake zinapishana kwa mamilioni ya shilingi. Moja lina injini ya petroli ya lita 2.7, ile inayoitwa 2TR-FE. Jingine lina injini ya dizeli ya lita 3, yaani 1KD-FTV. Swali hilohilo linamngoja anayenunua Prado, jenereta au pampu ya kumwagilia bustani. Ushauri anaopewa mara nyingi ni wa mkato: dizeli inakula kidogo, petroli haina usumbufu. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi kumwongoza mtu anayeweka akiba ya miaka kadhaa katika mashine moja. Kwa hiyo ninalinganisha mafuta haya kuanzia pale yanapotofautiana hasa, yaani namna yanavyoshika moto, kwa sababu tofauti za ulaji, nguvu, gharama za gereji, moshi na hatari zote zinachipuka hapo.

Namna mbili za kushika moto

Mafuta yote mawili hutoka katika mafuta ghafi yaleyale, yanapochemshwa na kutenganishwa kiwandani. Petroli ni ile sehemu nyepesi inayochemka kati ya nyuzi 30 na 200 hivi za Selsiasi, na dizeli ni sehemu nzito zaidi inayochemka kati ya nyuzi 180 na 360. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 720 hadi 775, ilhali lita ya dizeli hufika gramu 820 hadi 845. Kwa kuwa kituoni tunapimiwa kwa lita na wala si kwa kilo, mnunuzi wa dizeli huondoka na nishati zaidi, kwa asilimia 10 au kupita kidogo, katika ujazo uleule, kabla hata injini haijaanza kuonyesha ufanisi wake.

Tabia ya mafuta haya mbele ya moto inapishana kwa namna ambayo wengi huielewa nusu tu. Petroli hutoa mvuke kwa urahisi mno, kiasi kwamba mvuke huo unaweza kudaka cheche hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Dizeli lazima ipate joto la zaidi ya nyuzi 55 ndipo mvuke wake uweze kudaka mwali. Kwa kipimo hicho petroli ndiyo yenye pupa. Lakini ukiondoa cheche na mwali, ukayaingiza mafuta hayo katika hewa yenye joto kali, dizeli ndiyo inayotangulia kujiwasha yenyewe, huku petroli ikistahimili. Namba ya okteni inayotajwa vituoni, kama 91, 93 au 95, hupima ustahimilivu huo wa petroli. Namba ya seteni hupima kinyume chake katika dizeli, yaani wepesi wake wa kujiwasha.

Kila injini imejengwa kuitumikia tabia ya mafuta yake. Katika injini ya petroli, inayofuata mipigo minne iliyokamilishwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876, mafuta na hewa huchanganywa, mchanganyiko hubanwa mara 8 hadi 12, kisha plagi hutoa cheche. Rudolf Diesel, ambaye jina lake ndilo tunalolitamka kila tunapoagiza mafuta haya, alifanikiwa huko Augsburg mwaka 1897 kuendesha injini isiyohitaji cheche: hewa tupu inabanwa, katika injini za leo mara 14 hadi 22, mpaka joto lake linapita nyuzi 500, ndipo mafuta yanarushwa ndani yake na kuwaka papo hapo. Injini yake hiyo ya mwanzo iligeuza zaidi ya robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za wakati ule hazikukifikia. Siku hizi injini ya petroli ya gari la kawaida hugeuza asilimia 25 hadi 35, na ya dizeli asilimia 35 hadi 45.

Ufanisi huo una sababu ya pili ambayo haisemwi sana. Dereva wa gari la petroli anapoachia pedeli, kilango cha hewa hujifunga, na pistoni hulazimika kuvuta hewa kupitia upenyo mwembamba, kazi inayomeza mafuta bila kusogeza gari. Injini ya dizeli huacha hewa iingie kwa wingi wakati wote na kupunguza mafuta peke yake. Ndiyo maana tofauti ya ulaji huonekana zaidi pale ambapo injini inafanya kazi nyepesi, kama katika foleni ya Ubungo au ya barabara ya Mombasa kuingia Nairobi, kuliko pale gari linapokimbia kwa nguvu zote.

Hesabu ya ulaji

Bei ya kituoni ni mwongozo dhaifu. Nchini Tanzania EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na nchini Kenya EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na petroli, hutangaza tarehe 14. Anayefuatilia matangazo hayo kwa miaka michache ataona kwamba dizeli na petroli hupishana zamu. Mwaka 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza, dizeli ilipanda juu ya petroli katika masoko mengi, Tanzania ikiwamo. Injini inayonunuliwa leo itaishi miaka kumi au zaidi, na nafuu ya shilingi chache kwenye ubao wa mwezi huu haiwezi kuwa msingi wa uamuzi.

Kilicho imara zaidi ni idadi ya lita, na idadi ya lita inategemea kilomita. Tuchukue mfano wa kukadiria. Tuseme HiAce ya petroli inakwenda kilomita 8 kwa lita na ya dizeli kilomita 10, kila lita ni shilingi 3,000 za Tanzania kwa mafuta yote mawili, na gari la dizeli limezidi bei kwa shilingi milioni 6. Mwenye daladala anayetembea kilomita 200 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anafikisha kilomita 5,200. Petroli atatumia lita 650 na dizeli lita 520. Tofauti ya lita 130 ni shilingi 390,000 kila mwezi, na ile milioni 6 inarudi katika miezi 15 au 16. Sasa mchukue mwenye gari kama hilo kwa ajili ya familia, ambaye hutembea kilomita 800 kwa mwezi. Anaokoa lita 20 tu, yaani shilingi 60,000, na itamchukua miezi 100, ambayo ni zaidi ya miaka minane, kurudisha fedha yake, hapo ikiwa gari halijamdai tengenezo lolote la mfumo wa dizeli.

Kila msomaji abadilishe takwimu hizo kwa zake, lakini asiache kuifanya hesabu yenyewe. Katika watu wanaojuta kununua dizeli, wengi ni wa kundi hili la pili: walinunua kwa ajili ya uchumi wa mafuta ambao mwendo wao wa kila siku usingeweza kuuleta.

Mzigo na mlima

Injini ya dizeli hutoa nguvu yake ya kuzungusha mapema. Ile 1KD-FTV ya HiAce hufikisha takriban nyutoni-mita 300 ikiwa haijavuka mizunguko 2,000 kwa dakika, wakati 2TR-FE ya petroli hufikisha karibu 240, tena kwenye mizunguko kama 4,000. Kwa dereva aliyejaza abiria na mizigo akipanda Kitonga, hiyo ndiyo tofauti kati ya gari linalopanda kwa utulivu katika gea moja na gari linaloungurumishwa kwa kushushiwa gea kila kona. Kwa anayeendesha peke yake kutoka Mbezi hadi Posta, tofauti hiyo haina thamani kubwa. Yeye atafurahia zaidi utulivu wa petroli, wepesi wake wa kuchomoka na ukimya wake asubuhi.

Mwinuko nao una neno. Nairobi na Mbeya ziko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, iwe ya petroli au ya dizeli, kwa kuwa hewa ni nyembamba. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa kuwa dizeli nyingi za sasa zina turbo na petroli nyingi za bei ya kawaida hazina, mkazi wa nyanda za juu ataona pengo kubwa zaidi kuliko mkazi wa Tanga au Mombasa.

Usafi wa mafuta na gharama za gereji

Hapa ndipo ninapomsihi msomaji atulie, kwa sababu sifa ya kale ya dizeli, kwamba ni injini isiyokufa, imechukuliwa kutoka kizazi kimoja cha injini na kubandikwa kizazi kingine.

Dizeli za zamani, kama ile 1HZ ya lita 4.2 iliyo katika Land Cruiser nyingi za hospitali, mbuga na miradi ya vijijini, ziliistahiki sifa hiyo. Pampu yake ni ya kimakanika, turbo haina, na fundi wa wilayani aliye na spana na uzoefu anaweza kuihudumia. Dizeli za kisasa zinarusha mafuta kwa kompyuta, kwa shinikizo linaloweza kufika mara 2,000 ya shinikizo la hewa, kupitia matundu membamba mno ya nozeli. Shinikizo hilo ndilo lililoleta ulaji mdogo na ukimya, na ndilo linalofanya chembe ya vumbi au tone la maji kuwa adui mkubwa. Pampu na nozeli hazina oili yake. Hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Dizeli ikichakachuliwa kwa mafuta ya taa, ulainishaji hupungua, vyuma vinasuguana, na vumbi la chuma husafiri kutoka kwenye pampu hadi nozeli zote. Fundi atakapofungua, mara nyingi atashauri kubadilisha mfumo mzima.

Petroli nayo huchakachuliwa kwa mafuta ya taa, na dalili yake ni injini kugonga inapopanda kilima, kwa sababu okteni imeshuka. Madhara yapo, lakini kwa kawaida huanza na plagi na nozeli za bei nafuu, na gari huonya mapema. Serikali zetu zimepambana na uchakachuaji kwa njia ya kodi: Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili yasiwe na nafuu ya kuchanganywa, na Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo. Hatua hizo zimesaidia, na tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa na kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Hata hivyo, mwenye dizeli ya kisasa bado anapaswa kuchagua kituo chenye mauzo makubwa, kuepuka kujaza wakati lori linashusha mafuta kwa sababu takataka za chini ya tangi zimetibuliwa, kutoa maji katika kikombe cha chujio, na kubadilisha chujio hilo kabla ya muda uliozoeleka. Ambaye kazi yake inampeleka mahali ambapo dizeli huuzwa kwenye madumu, basi ama achukue injini ya kizazi cha zamani, ama achukue petroli.

Magari ya dizeli yaliyotengenezwa katika miaka ya hivi karibuni yana jambo jingine: chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto la karibu nyuzi 600, na joto hilo hupatikana gari linapokwenda mwendo mrefu usiokatizwa. Safari za dakika kumi, shuleni na sokoni kila siku, huliziba. Wapo mafundi wanaolitoboa na kulitupa. Ninawaomba wasomaji wasikubali, kwa kuwa masizi hayo yanayoachiwa huru ndiyo yanayoingia katika mapafu ya watoto wanaosimama kando ya barabara. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli, mwezi Juni 2012, katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Petroli haina kinga kamili katika hili, kwani ina benzini ndani yake, na kila lita inayoungua hutoa kilo 2.3 hivi za kaboni dioksaidi, dhidi ya kilo 2.7 za lita ya dizeli. Kwa kuwa dizeli hutumia lita chache kwa kilomita zilezile, katika hesabu ya kaboni mafuta haya mawili hukaribiana. Katika masizi ya mjini, gari la petroli lenye mfumo wa ekzosi usioharibika ndilo safi zaidi.

Hatari za nyumbani, njiani na kituoni

Ile pupa ya petroli ya kutoa mvuke huifanya isifae kuhifadhiwa ndani ya nyumba. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi ulipo mkaa au swichi, na moto ukaufuata kurudi kwenye dumu. Tuliomboleza zaidi ya watu 100 Morogoro baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka Agosti 2019, na kabla yake zaidi ya 100 Sachangwan nchini Kenya mnamo Januari 2009. Katika ajali zote mbili watu walikuwa wamekusanyika kuchota petroli iliyomwagika. Dizeli iliyomwagika haitoi mvuke wa kulipuka katika joto letu la kawaida, ingawa ikiishalowesha nguo au kugusa chuma cha moto huwaka na ni vigumu kuizima. Mwenye sababu ya lazima ya kuhifadhi mafuta, mkulima kwa mfano, yuko salama zaidi na dizeli, mradi tangi lake lisiingize maji.

Kosa la kujaza mafuta yasiyo yake nalo halina uzito sawa pande zote. Dizeli ikiingia katika gari la petroli, injini hutoa moshi na kuzimika, plagi huchafuka, na baada ya kusafishwa mambo hurejea. Petroli ikiingia katika dizeli ya kisasa, ulainishaji wa pampu unaondoka mara moja. Mdomo wa bomba la petroli kwa kawaida ni mwembamba kuliko wa dizeli, kwa hiyo kosa lenye hasara kubwa ndilo rahisi zaidi kutokea. Likitokea, ufunguo usizungushwe hata mara moja: gari lisukumwe kando na tangi litolewe mafuta yote. Wanaovuka mipaka waongeze uangalifu katika maneno, kwa kuwa Bukavu na Lubumbashi dizeli huitwa mazutu na petroli huitwa esanse.

Jenereta, pampu na mashine ya kusaga

Kwa mashine zisizotembea uamuzi ni mwepesi. Jenereta ndogo ya duka au ya nyumba, inayowashwa saa chache umeme unapokatika, iwe ya petroli: ni nyepesi, huwaka kwa kamba, na bei yake ni ndogo. Isiwashwe ndani wala barazani karibu na dirisha, kwani moshi wake una kaboni monoksaidi nyingi, gesi isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini. Kazi ya saa nyingi kila siku ni ya dizeli, hasa ile inayozunguka mara 1,500 kwa dakika badala ya 3,000, kwa sababu mwendo wa taratibu huongeza umri. Ila mnunuzi asichukue jenereta kubwa kupita mahitaji; dizeli inayoendeshwa muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haipati joto la kutosha, na hujaza ekzosi yake mafuta yasiyoungua. Mashine ya kusaga nafaka, inayobeba mzigo mzito tangu asubuhi, ndiyo mahali ambapo dizeli ya silinda moja imestahili heshima yake kwa vizazi. Pampu ya inchi mbili ya kumwagilia nyanya inayobebwa begani hadi mtoni haistahili kuwa dizeli, kwa uzito tu.

Kabla ya kulipa

Kwa mujibu wa hayo, mwenye daladala, lori dogo la mizigo au gari la safari za mikoani ningemshauri achukue dizeli bila kusita, akiwa na fundi anayejua mfumo wake. Mwenye gari la familia la mjini ningemshauri petroli, hata kama jirani yake anasifia dizeli. Anayebaki katikati, mwenye kilomita 2,000 hivi kwa mwezi, aangalie barabara anazopita na kituo anachojazia, kwa sababu kilomita peke yake hazitamwamulia.

Aliyekwisha kuamua dizeli iliyotumika aende kuikagua asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, na amwombe muuzaji asiiwashe kabla hajafika. Ikikataa kuwaka mpaka izungushwe kwa muda, huenda plagi za kupasha joto zimekufa au mbano umepungua. Moshi mweupe unaodumu injini ikishapata moto, moshi wa bluu wa oili, na moshi mweusi mzito gari linapokanyagwa ni dalili tatu za maradhi matatu tofauti, na fundi azitaje moja moja. Ulizeni pia mkanda wa taimingi wa 1KD ulibadilishwa lini, kwa kuwa ukikatika hupinda valvu, tofauti na 2TR ya petroli inayotumia mnyororo. Mwisho, kifunguliwe kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Moshi ukipuliza kwa nguvu na kwa mapigo, ringi za pistoni zimechoka, na gharama ya kuifungua injini hiyo ipunguzwe katika bei hapohapo, fedha ikiwa bado mfukoni.